Bei ya Kusaga Haipandi

Nyangoto,
12 Machi 2022

Kwa Mama mkwe, Bibi Gloria, Kisaka.

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana ya kwanza huenda imemwagika njiani kwenye lori la Deus, na barabara ya huku unaijua. Miguu inaendeleaje? Ng'ombe wanapata majani? Sisi wazima. Goodness mwanao mzima, mjukuu wako Gloria ameota jino la nne na ananiuma nalo kila siku kama vile mimi ndiye niliyechelewesha.

Mama, mila yenu naijua. Mkwe hamsogelei mama mkwe, hampi mkono, hapigi naye soga kwenye simu. Sisi Wasukuma nasi tuna heshima, ila nyie mmezidisha. Nimeona barua haina macho wala mkono. Tena bando limepanda, karatasi ya daftari bado ni rafiki wa maskini.

Nina habari kubwa. Alhamisi alikuja mwandishi wa redio hapa gulioni, ana kinasa sauti, anauliza wananchi maoni yao kuhusu maisha kupanda. Mwalimu Raphael akaeleza habari za dola na vita ya Ulaya kwa Kiswahili cha kitabuni mpaka mwandishi akapiga miayo. Shani, yule mama lishe aliyetoka Singida, akasema yeye dola hajawahi kuiona, anachoona ni mafuta ya kula yanakimbizana bei na kuku. Ndipo nikasema: pisheni aseme mtu aliyetembea! Mimi nimechimba Geita, nimechimba Chunya, nimeuza mitumba Sirari, Migori nimelala, Kisumu nimekula samaki na mkuu wa polisi (tulikutana kwenye foleni, lakini tulikula). Nikakishika kile kinasa kwa mkono wangu:

"Mimi Mboje, mwenye mashine ya kusaga hapa Nyangoto, natangaza mbele ya Mungu na nchi! Kwangu debe ni elfu moja na mia tano, na bei haipandi mpaka mavuno ya Julai. Dizeli ipande mpaka mbinguni! Na ukija hata na kisado kimoja, saa yoyote, nawasha injini. Nikishindwa nafunga mashine!"

Watu walipiga vigelegele mama. Mbuzi wa mtu akakata kamba.

Usiwe na wasiwasi. Ile ahadi niliyokupa kupitia mshenga siku ya mahari iko palepale: shimoni sirudi. Kofia yangu ya taa imetundikwa ukutani kama picha ya marehemu.

Mkweo,
Baba Gloria

*

Kisaka,
20 Machi 2022

Baba Gloria,

Marahaba zote mbili, ya kwanza ilifika na vumbi. Miguu inauma jioni, asubuhi inanisamehe. Ng'ombe wanakula. Gloria mwambie aendelee kukuuma.

Hizo habari zako kubwa zilinifikia kabla ya barua. Nilikuwa chumbani nimejifunga kanga moja, nimewasha redio nisikie matangazo ya vifo. Mara sauti ya mkwe wangu hiyo, imeingia. Mboje wewe! Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Tangu lini mkwe akaingia chumbani kwa mama mkwe, tena anapiga kelele za dizeli? Wazee wa hapa wamecheka wiki nzima, wanasema nikutoze mbuzi.

Sasa nikuulize, maana wewe umetembea, mimi nimeishia Mugumu na Tarime. Ulikuwa unamwapia nani? Dizeli haina masikio. Huku mbolea imepanda, sabuni imepanda, dawa ya kuogeshea ng'ombe imepanda. Wengi wanaopandisha bei hawana roho mbaya, na wao wamepandishiwa. Ungesema "nitajitahidi" ungepungukiwa nini?

Lakini neno limetoka na watu wamelisikia. Kwetu mwanaume hamezi alichokwisha tema. Lishike.

Ila kumbuka ahadi uliyonipa mimi ndiyo iliyotangulia. Mdogo wangu Mseti aliingia shimo la huko Nyangoto kwa kamba, akatoka kwa blanketi. Hiyo habari sitaki kuisimulia mara mbili.

Mkweo,
Bibi Gloria

*

Nyangoto,
17 Aprili 2022

Shikamoo mama, na heri ya Pasaka. Mmeilaje huko? Sisi tumekula vizuri, tumekula kwa macho. Nyumba nzima hatujambo. Mbuzi wa faini nimemkubali, naomba nilipe kwa vipande, nitaanza na mkia.

Dizeli imepanda tena. Wenye mashine wenzangu wote wamekwenda elfu mbili kwa debe. Mimi nipo palepale kama nguzo ya umeme, ile ambayo kitongoji chetu bado tunaisubiri. Pikipiki nimeiuza. Anayeuliza namwambia daktari kanishauri nitembee. Chai tunakunywa bila sukari, Goodness anasema sukari ni ugonjwa wa matajiri na sisi bado hatujafikia cheo hicho.

Lakini ungeiona foleni yangu! Ni bunge. Mwalimu Raphael anasema kosa ni la wale wanaopigana huko mbali, meli za mafuta zinaogopa. Mzee Machage anasema kosa ni la wafanyabiashara, wameficha mafuta ya kula chini ya vitanda, na yeye vitanda vyenyewe anavijua. Juzi wamebishana mpaka unga ukamwagika. Shani akawakata: "Nyie wanaume mnatafuta mwenye kosa, mimi natafuta chakula cha saa saba." Na yeye ugali ameupunguza. Mchimbaji mmoja aliuangalia kwenye sahani akauliza, "Mama, huu ni ugali au ni picha yake?" Shani akamjibu, "Ni picha, na ukiigusa unalipa."

Tatizo dogo tu. Kadiri wateja wanavyozidi, ndivyo dizeli inavyoniacha. Jana asubuhi alikuja bibi mmoja na kisado cha mihogo mikavu, peke yake. Nikawasha. Injini ikanywa kuliko alicholipa. Nikazima. Nusu saa, mwingine na kisado. Nikawasha. Niliapa, nifanyeje? Heshima ina gharama yake, waulize wafalme.

Mkweo,
Baba Gloria

*

Kisaka,
22 Mei 2022

Baba Gloria,

Hamjambo? Sisi hatujambo, na salamu zimeishia hapo.

Wiki tano sijaona barua. Ijumaa Deus alipita, nikamwuliza, akainama kuangalia tairi lililokuwa zima kabisa. Nikampa uji. Alipomaliza kikombe cha pili akasema amekuona kwenye machimbo, una kofia ya taa kichwani na matope mpaka masikioni.

Kama ni uongo, niandikie nimnyime Deus uji. Kama ni kweli, sitapiga kelele. Jumapili ijayo shangazi yake Goodness atakuja kumchukua yeye na mtoto, wakae hapa mpaka utakapochagua. Sikumzaa Goodness awe mjane.

Mkweo,
Bibi Gloria

*

Nyangoto,
25 Mei 2022

Shikamoo mama.

Usimnyime Deus uji.

Mwezi huu dizeli ilipanda mpaka mwenye kituo mwenyewe alikuwa anaona haya kunitajia. Tangi likakauka. Nilisimama mbele ya mashine kama mtu aliyefiwa na fahali. Nikiongeza bei, mimi ni mwongo wa nchi nzima. Nikifunga, Shani na wenzake wanakwenda kusaga kwa elfu mbili. Nikaangalia ukutani, nikaiona kofia.

Nilishuka siku nne. Goodness nilimdanganya kwamba nashinda Tarime natafuta chujio la injini. Siku ya nne, chini kabisa, kokoto moja ilidondoka ikagonga kofia yangu. Kokoto tu, mama, ndogo kama punje ya mahindi. Wachimbaji wanasema hiyo ni salamu. Lakini nyuma yake ukaja mchanga, halafu ukimya, na mimi nikamkumbuka Mseti na blanketi. Mtu mzima niliyekula samaki na mkuu wa polisi, nikapiga yowe. Wala sikumwita mama yangu mzazi. Niliita "Mama mkweee!" Shimo zima lilisikia. Wenzangu wananiita jina hilo mpaka leo.

Nikapanda juu. Nikamweleza Goodness yote. Hakugomba, ningependa agombe. Alipanga nguo zake na za Gloria kwenye mfuko, akauweka karibu na mlango. Mpaka naandika, mfuko bado upo hapo. Naupita nikienda kazini, naupita nikirudi.

Sikiliza mama. Shimoni sirudi, safari hii sisemi mbele ya nchi, nakwambia wewe. Bei sipandishi. Namna ya kufanya sijui. Sijawahi kuliandika neno hilo tangu nizaliwe, ilibidi nipumzike katikati.

Naomba shangazi asubiri kidogo.

Mkweo,
Baba Gloria

*

Kisaka,
29 Mei 2022

Baba Gloria,

Habari za tangu kokoto? Miguu yangu leo haiumi, nadhani hasira imeiponya.

Nilipofika kwenye "sijui" niliiweka barua chini nikacheka peke yangu. Nikasema, sasa huyu mkwe anaweza kufundishwa.

Barua zako zote ninazo kwenye kibuyu, nimemwita binti wa jirani mwenye macho mazima akanisomea upya. Ulipokuwa redioni uliapa mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, bei haipandi. La pili, kisado kimoja saa yoyote unawasha. Linalokumaliza ni hilo la pili, ulilolisema kwa ajili ya vigelegele. Mimi dizeli siijui lakini jiko nalijua. Hakuna mwanamke anayewasha kuni apike yai moja, azime, awashe tena apike la pili.

Huku kwetu palizi ikimzidi mtu, anaita risaga. Watu wote wanaingia shamba la mmoja siku moja, kesho wanaingia la mwingine. Shamba la siku kumi linaisha kabla jua halijawa kali. Na wewe ita risaga ya mahindi. Chagua siku mbili za wiki, watu walete kwa pamoja, injini iwashwe mara moja, ikizimwa imezimwa.

Itakubidi usimame mbele ya watu useme nimekosea hili moja, ili niweze kushika lile jingine. Hapo ndipo penye kazi, ni ngumu kuliko kushuka shimoni. Aliyeweza kutangaza redioni hatashindwa kutangaza mlangoni kwake.

Shangazi nimemwambia ana wiki tatu za kufua nguo zake vizuri.

Mkweo,
Bibi Gloria

*

Nyangoto,
20 Juni 2022

Shikamoo mama, shikamoo na wazee wote walionicheka. Miguu? Ng'ombe? Sisi wazima, na safari hii siongezi chumvi.

Nilipanda juu ya debe nikatangaza: kusaga ni Jumanne na Jumamosi, bei ileile, na habari ya kisado saa yoyote nilikosea, nisameheni. Walicheka, we! "Mboje amekuwa benki, ana siku za kufungua!" Mzee Machage akauliza kama ataandika barua ya maombi na kuambatanisha picha. Jumanne ya kwanza wakaja watu watatu. Jumatano akaja yule bibi wa mihogo. Nikamwambia, bibi, mpaka Jumamosi. Akakaa chini palepale na kisado chake. Ningekuwa na pikipiki ningekimbia. Mkono wangu ulikwenda kwenye mpini wa kuwashia wenyewe, nikaurudisha.

Shani ndiye aliyemaliza. Akatoka na unga wake, akamjazia bibi kisado, akamwambia, "Jumamosi utanirudishia." Halafu akawageukia waliokuwa wanacheka: "Huyu tukimvunja miguu, wote tutasaga kwa elfu mbili. Mwenye unga amwazime asiye nao, mpaka siku ya kusaga. Kuna mtu hapa hajawahi kuazima chumvi?"

Jumamosi foleni ilifika barabarani. Niliwasha asubuhi, nikazima jioni, katikati injini haikupumzika hata dakika moja, na mimi nimekuwa mweupe kwa unga kama mzungu wa mgodini. Dizeli niliyokuwa naimaliza Jumatano inanifikisha mpaka Jumatatu. Mwalimu Raphael anasema hiyo ina jina lake katika elimu ya uchumi. Nikamwambia hata huku ina jina, inaitwa risaga, na aliyenifundisha ni profesa wa Kisaka.

Jana nilitoka nikaona karibu na mlango hakuna mfuko. Nikaogopa. Kumbe Gloria alikuwa uani, amevaa lile gauni lililokuwa ndani ya mfuko.

Mwandishi wa redio anarudi mwezi ujao. Nitakutumia siku na saa mapema, mama, ili uvae.

Mkweo,
Baba Gloria

*

Kisaka,
17 Julai 2022

Baba Gloria,

Hamjambo huko? Unga wenu tunaula, ni laini, hauna mchanga.

Jumamosi ile niliyokuja kusaga kwako sikukupa taarifa kwa makusudi. Nilipakia madebe mawili ya mahindi mapya kwenye lori la Deus. Tulipita mashine tatu njiani, kila moja Deus anapunguza mwendo ananitazama. Nikamwambia, endesha.

Nilipanga foleni kama watu. Uliposikia sauti yangu ulikimbilia nyuma ya turubai, nikaona miguu yako kwa chini. Umefanya adabu, wazee wamesema mbuzi usilipe. Sikujua tu kama ile miguu ilikuwa inatetemeka kwa injini au kwa mimi. Bei niliiuliza mara mbili kwa sauti ili uisikie na wewe. Goodness akasema elfu moja na mia tano. Nikalipa yote, na ole wake angenipunguzia.

Mavuno yameingia na neno lako limefika nayo. Sasa ukiona lazima kupandisha, pandisha, waite watu uwaeleze, watakusikia. Waliokuona Juni wamekujua.

Kuna jambo moja limebaki. Ukutani kwako kuna msumari mtupu, usimsumbue mtu kutafuta mwizi. Kofia ya shimoni niliondoka nayo chini ya unga. Taa nimempa Deus, kofia nimeitia majani makavu nyuma ya jiko. Kuku wangu mwekundu ameshataga mayai matano humo, na mtu akisogea anamdonoa.

Siku ukiihitaji, uje umwombe yeye. Mimi mkwe wangu hatuonani.

Mkweo,
Bibi Gloria