Sururu ya Mpini wa Mti

Jumapili, 6 Agosti 2000

Zita amenitoka mikononi sasa hivi. Nimegeuka kuepua mtori tu, kurudi namkuta barazani, amechuchumaa na kikombe chake cha bati mbele ya mashine ya Melkior ya kutafutia dhahabu. Anakisogeza – wiiii! Anakirudisha – kimya. Anakisogeza tena. Anacheka mpaka mate yanamtoka. Kumbe wenyewe walisahau kuizima.

Nimemnyakua. Halafu nimebaki nimesimama na mtoto kiunoni, nafikiri.

Jana mashine hiyohiyo ililia kwenye masale, ile mimea ya mpaka, pale kihamba chetu cha migomba kinapopakana na mfereji. Melkior ni mtoto wa mama mdogo wa Sirili, mume wangu. Amekuja wiki iliyopita kutoka machimbo ya Chunya na saa kubwa mkononi na miwani ya jua ambayo haivui hata jikoni kwangu, kwenye moshi. Alikuwa anaizungusha mashine chini kama anafagia. Ikalia. Sirili akapiga magoti. Mama mkwe akajishika kifua – Yesu na Maria! Melkior akasema, mnaona? Kama ipo hata hapa Kirua, je Chunya?

Sirili alitaka kuchimba hapohapo. Melkior akakataa. Eti kwanza itafutwe sururu ya kufaa, kwamba hii yetu ya mfereji ni nene, itavuruga mali. Na kwanza waelewane.

Kuelewana kwenyewe ni hivi. Sirili amuuze Pasaka, ng'ombe wetu, apate nusu ya mashine, waondoke wawili kwenda Chunya.

Pasaka ndiye maziwa ya Zita. Mwaka jana kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito wa Zita ulikuwa umelala chini, nesi ananiangalia kama namnyima mtoto kwa makusudi. Tangu Pasaka azae, mstari umepanda. Ile kadi naitazama kama picha ya harusi.

Hata mama mkwe amekubali! Mwaka juzi nilikata jani moja la sale kufungia mzigo wa majani, nilisemwa wiki nzima, eti nimegusa mti wa wazee. Leo anasema masale yakichimbwa yatapandwa mengine.

Sisemi Melkior ni mwongo. Na mimi naitaka hiyo dhahabu – nimeshaiona nyumba yenye sakafu ya saruji, Zita anatambaza gari lake la makopo. Lakini kikombe cha Zita si dhahabu, na mashine imekililia vilevile.

Jumatatu, 7 Agosti 2000

Nilishuka Moshi na ndizi zangu, na Zita mgongoni. Nimetumwa sururu. Melkior alinifuata mpaka njiani. Shemeji, usisahau, ya chuma tupu. Mpini wa bomba, kama hii yangu. Mpini wa mti utaoza Chunya.

Ya kwake haiachi. Anaishika kichwani kama mzee na fimbo yake, bomba limesimama chini. Anakwenda nayo mpaka chooni.

Dukani kwa Balbir, yule Kalasinga, nikasema nataka sururu. Akaniangalia, akamwangalia mtoto.

"Mama, unamchimbia mume kaburi?"

"Namchimbia dhahabu."

"Aa! Basi chukua mbili."

Akanitolea zote, ya bomba na ya mti. Nikamwuliza ipi nzuri. Akasema, nzuri ni ile utakayolipia. Mtu wa utani yule.

Nikafanya kama baba alivyokuwa akifanya alipokuwa anachimba mifereji. Nikatazama kwenye tundu la mpini kama mwanga unapita. Nikaibeba kwa kidole shingoni, niione inalalia wapi. Nikaipiga chini pale nje, Balbir analalamika nitamvunjia ngazi. Ya bomba ilinitetemesha mpaka kwenye meno. Ya mti – kimya, mkono umetulia. Chuma chembamba, upande mmoja umechongoka, wa pili bapa kama jembe dogo. Kabari imekaza.

Nimechukua ya mti. Nitasema ni kwa ajili ya mikono ya Sirili. Na ni kweli. Lakini na kile kikombe kilikuwa kichwani mwangu.

Jumanne, 8 Agosti 2000

Nane Nane, watu wamepumzika. Majirani walikuja kuona mashine.

Melkior alipoiona sururu yangu alivua miwani! Mara ya kwanza nimeona macho yake – madogo. Akafoka, nilisema ya chuma! Shemeji, sikio lako liko wapi? Halafu akacheka mbele za watu. Eti machimboni sururu iliyochaguliwa na mwanamke, dhahabu ikiisikia inazama. Wakacheka wote. Mama mkwe naye – mimi nilisema asitumwe huyu.

Nikakaa kwenye kinu, nikatazama.

Melkior anampa Sirili mashine ashike mwenyewe. Shika kaka, usije ukasema nakudanganya. Yeye anasimama pembeni, ameegemea sururu yake. Sirili anafagia – kimya, kimya. Wanafika kwenye masale. Melkior anasogea kidogo, anahamisha bomba karibu na ile sahani ya mashine inayofagia chini, kama mtu anayetafuta pa kusimama vizuri. Wiiii!

Watu wote wanaangalia ardhi. Mimi naangalia bomba.

Baadaye Melkior alikwenda kujisaidia, akiwa na sururu yake. Sirili akapita tena palepale, ameegemea hii yangu ya mti, chuma juu, mpini chini. Haikulia. Akaitikisa. Melkior aliporudi akasema mashine imechoka, inataka kupumzika.

Jioni nilimfuata Sirili akikata majani ya Pasaka. Nikamwambia yote – kikombe, bomba, mti. Alisikiliza vizuri mwanzoni. Halafu akasema, Mama Zita, wewe na darasa lako la saba unataka kumfundisha mtu wa mashine? Nikasema sifundishi, nimeona. Akasema unaogopa niondoke.

Ndiyo, naogopa. Hilo halifanyi bomba kuwa mti.

Alhamisi, 10 Agosti 2000

Mnunuzi amekuja kutoka Mabogini. Amemfungua Pasaka mdomo, amemshika kiwele, amempiga ubavuni. Ng'ombe mzuri, anasema. Kama hatujui! Zita alimfuata nyuma, na yeye anampiga ubavuni kwa kiganja chake, pa, pa.

Atakuja Jumamosi na kamba. Melkior amesema ng'ombe akishatoka ndipo wachimbe kwenye masale. Nikauliza kwa nini wasichimbe kwanza. Ni swali tu. Mama mkwe akaniambia nikaangalie chungu changu kisiungue.

Hakikuwa na kitu.

Ijumaa, 11 Agosti 2000

Nimefanya.

Melkior alikuwa amelala barazani baada ya mbege, mdomo wazi, sururu yake imeegemea ukuta. Mara ya kwanza kuiona peke yake. Sirili yuko kwenye kahawa, mama mkwe kwa padri. Nikaichukua. Nzito! Nikapita nayo nyuma ya banda la Pasaka mpaka kwenye lundo la mbolea. Nikafukua kwa mikono, nikailaza, nikaifunika, juu nikatandaza majani makavu ya mgomba. Zita alikuwa pembeni anatazama. Akaweka kidole mdomoni na kusema "shhh" – nilimfundisha mimi ili asimwamshe bibi yake. Nimembusu mpaka akalia.

Sitaki kumdhuru mtu. Nataka kesho mashine ipite kwenye masale bila bomba. Ikilia, basi nimekosa mimi. Nitamwombea Melkior radhi, na Pasaka aende.

Ya mti nimeilaza jikoni, chini ya kigoda changu. Nimeikalia.

Jumamosi, 12 Agosti 2000

Naandika nimesimama kwenye dirisha la jiko. Nimeambiwa nikae humu, nisiharibu mambo.

Wametafuta sururu toka asubuhi. Melkior ameuliza mpaka kuku. Mimi nimeulizwa mara mbili, nimesema ya kwangu ipo. Si uongo. Melkior akasema basi leo isiwe, tungoje. Lakini mnunuzi amefika, kamba iko shingoni mwa Pasaka tayari, na Sirili naye kachoka kungoja. Akasema ng'ombe haondoki mpaka mashine ilie tena, aisikie mwenyewe mara ya mwisho. Nikamshukuru Mungu huku nimeshika mwiko.

Wako kwenye masale. Sirili anafagia. Kimya. Anarudia – kimya. Melkior amesimama mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Anasema betri. Sirili anaisogeza mashine kwenye saa ya Melkior – wiiii! Betri ipo.

Sirili amemtazama Melkior. Ninamjua mume wangu, akitazama vile ameanza kuhesabu mambo kichwani. Mnunuzi anacheza na ncha ya kamba.

Melkior amemnyang'anya mashine. Eti mali inatembea, imehama na baridi. Anafagia huku na huku, anapanda, anapita migomba, watu wanamfuata. Jasho mpaka shingoni. Zita naye anafuata na kikombe, wamemfukuza.

Sasa wanapita nyuma ya banda.

Mungu wangu. Sikufikiri hilo!

Inalia. Inalia kuliko siku zote, haikati! Mama mkwe anapiga vigelegele. Sirili ameruka, amemkumbatia mnunuzi, kamba imeanguka, Pasaka anatembea zake kwenda kwenye majani. Wote wanacheka.

Melkior peke yake hacheki. Amerudi nyuma hatua mbili. Anaitazama mashine yake kama imemwita kwa jina. Nimeona – mtu aliyeshtuka kwa sababu mashine yake imepata kitu.

Sirili anafukua mbolea kwa mikono, hafiki. Anasema ni kubwa, anahisi kitu kigumu. Melkior anasema msichimbe, msichimbe leo, si siku nzuri. Kwa nini? anauliza Sirili. Kwa nini, Melkior?

Zita amekuja mlangoni. Ananitazama. Ameweka kidole mdomoni.

Sirili ananiita. "Mama Zita! Leta hiyo sururu yako ya mti! Haraka!" Nainama, ipo hapa chini ya kigoda, mpini wake umetulia mkononi kama siku ile dukani, na sijui nikimpa nimtazame usoni au nimwambie kabla hajachimba kwamba humo hamna ila bomba la Melkior.