Gumba la Kulia Juu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo kwa miaka thelathini na minane. Daktari anasema moyo umechoka, zimebaki wiki. Basi niandike.

Kipimo changu cha vidole ni uongo. Mtoto hupishanisha vidole vya mikono miwili. Gumba la kushoto likiwa juu, eti anatumia ubongo wa kulia — aende ufundi. La kulia likiwa juu, aende sayansi. Nilikiandikia mwongozo, nikapandishwa cheo. Shule ngapi zilinifuata! Baadaye mtaalamu wa ubongo akaniandikia kwa adabu: kila mtu hutumia pande zote mbili, gumba halisemi kitu. Barua niliichana. Mwongozo ukachapwa tena.

Najitetea kwamba kabla ya barua ile sikujua.

Jumanne, 4 Machi
Mhudumu anayeniuguza amenigeuza, amenisugua mgongo. Alisoma darasa moja na mwanangu wa kike. Kwenye hesabu yeye wa kwanza, mwanangu wa tisa. Gumba lake la juu lilikuwa la kushoto, nikampeleka ushonaji. Hadi leo anakokotoa dozi zangu kichwani, daktari bado anatafuta kalamu.

"Mwalimu, si ulisema ubongo wangu ni wa mikono?" ananitania. "Basi ukae utulie usuguliwe."

Kicheko kikawa kikohozi. Kisha akaninong'oneza: kitinda mimba wake anapimwa Ijumaa, shuleni kwa mwanangu, ambaye ndiye mwalimu mkuu. Nyumbani anamzoesha kuweka gumba la kulia juu. Mtoto akisahau, analia.

Jumatano, 5 Machi
Mkono hautii. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo yameharibika. Mtoto mwenyewe karopoka darasani kwamba mama yake anamfundisha. Mwanangu amekuja amefura — huo ni udanganyifu, hata hapimwi, anakwenda ufundi moja kwa moja.

Nikamwambia kipimo hakifai. Akanivutia blanketi hadi kidevuni. Dawa zinanichanganya, anasema. Kwani yeye si ushahidi? Gumba la kulia, shahada mbili.

Nikafumba macho. Mwoga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi. Mwanangu ameketi ukingoni mwa kitanda, fomu ya ufundi ya yule mtoto iko gotini, imebaki sahihi yake tu. Mhudumu amesimama mlangoni na beseni. Hajaomba kitu. Amesema tu kwamba alitaka mtoto apate alichokikosa yeye. Mwanangu akamjibu kwamba mzazi mwaminifu hamfundishi mtoto kudanganya.

Nikamshika mwanangu mkono wenye kalamu.

"Mama," nikamwita, kama nilivyomwita alipokuwa mdogo. "Unaukumbuka mchezo wetu wa vidole? Pale mezani, wiki moja kabla ya kipimo?"

Anaukumbuka. Akatabasamu, halafu tabasamu likakatika. Anaviangalia vidole vyake. Mhudumu ameweka beseni chini.

Sauti imeniisha, namalizia hapa kwa maandishi, mwanangu akisoma kila neno:

Lako lilikuwa la kushoto.