Kopo Ndani ya Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Kopo ya chini ya daraja imejaa maji tena. Nimefungua, harufu ikanipiga. Karatasi ya majina imekuwa uji. Ndani mtu ameacha chingamu ametafuna, na plasta ya kidonda, ya kutumika. Ndio zawadi ameona atawekea wenzake. Na kando ya kopo, hatua moja tu, mtu amekunya. Mtu mzima. Mtoto hawezi hiyo.

Si kopo yangu hata. Mwenyewe alihama. Mimi ndio naosha kwa sababu hakuna mwingine anaosha hapa Kitengela.

Shemasi wa kanisa yetu alinikuta nimeinama huko chini akauliza nimepoteza nini. Nikamwelezea mchezo. Mtu anaficha kopo, anaandika mahali kwa mtandao, wengine wanakuja na simu wanatafuta. Ukipata unaandika jina. Ukitoa kitu unaweka kingine ya maana. Unarudisha vile ulipata. Akauliza, "Na mnashindania nini?" Nikasema hakuna pesa. Akaniangalia kama mtu wa kuombewa.

Nimeweka karatasi mpya. Chupa ya dawa ndio nzuri, ile ya kifuniko ya kuzungusha, halafu unafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Kopo ya majarini ni takataka. Jua inapasua, mbuzi anamalizia.

Bibi yangu, Mama Nekesa, amekataa nishike kikombe chake. Nimenawa nje na sabuni ya kufua. Akasema nirudie. Nikanawa tena.

Jumatano, 5 Machi

Doktari amekuja jana kwa jiwe yangu, ile nimefichia kopo, na ameshindwa tena. Nimesoma kwa simu. Ameandika, "Sijaona. Nadhani imeibiwa, mwenyewe aangalie." Hii si mara ya kwanza. Ni mtu wa Ngong, uso simjui, najua tu hiyo jina yake ya mchezo. Yangu ni Nyundo. Anajiita bingwa wa Kajiado yote. Bingwa gani huyo. Anakaribia kukaa juu ya kitu halafu anasema imeibiwa. Hawa watu wakishindwa, basi kuna mwizi.

Haijaibiwa. Mimi nimekata mawe kwa machimbo za hapa tangu Kitengela ikiwa swara na vumbi. Hizi nyumba za zamani unaona, ukuta ni mkono yangu. Hiyo jiwe nilichonga mwenyewe. Nikaitoboa tumbo na patasi, chupa ikaingia kama mtoto kwa mgongo ya mama. Chini nikaziba na kipande ya jiwe hiyo hiyo. Huoni mahali imekatwa. Hakuna fundi mwingine hai anaweza hiyo, na wale wamekufa pia sijui.

Nikaipanda nyuma ya Isinya, pale maploti inaishia na mbuga inaanza. Juu nikachora namba na rangi nyekundu. Inafanana kabisa na bikoni, zile jiwe za kuonyesha mpaka ya shamba. Ndio ujanja yenyewe. Kajiado nzima hakuna mtu anagusa bikoni, kwa sababu kung'oa bikoni ni jela. Kwa hivyo wanapekua kila kichaka, wanachomwa na miiba, na jiwe wanaizunguka kwa heshima.

Mpaka leo hakuna amepata. Hakuna hata mmoja.

Mama Nekesa alinionya hiyo jiwe italeta maneno. Nilimwambia yeye ashone sweta.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda Kajiado kutafuta kopo mpya ya watu wengine. Simu imenidanganya. Ukisimama karibu na mabati inaruka ruka, mara uko hapa, mara uko kwa choo ya mtu. Inafaa uiweke chini, unyamaze, utulie nayo. Vijana hawana hiyo subira. Mimi niko nayo.

Kitu ingine. Usiwahi sema unatafuta hazina. Watachimba mpaka nyumba ianguke. Usisimame pia na simu juu ya shamba ya mtu, wataambiana wewe ni broka umekuja kuuza. Mimi husema nimepoteza mbuzi.

Leo nimesema hivyo kwa wachungaji wawili. Watu wazuri, shida ndio hiyo. Wakaacha ng'ombe zao wakaenda kutafuta. Wakarudi na mbuzi. Nikasema si yeye. Mmoja akasema, "Mzee, hata hujamwangalia." Wakasimama hapo wakiningoja nichukue mbuzi ya wenyewe. Nimeondoka bila kopo na nimenuka beberu mpaka Isinya.

Wakati wa kurudi nikamwambia kijana wa boda anipitishe kwa jiwe yangu niiangalie tu.

Kuna fensi. Nguzo mpya, waya mpya, imetoka upande wa maploti imekuja mbio moja kwa moja mpaka kwa jiwe yangu. Hapo imepiga kona.

Nimemwambia kijana wa boda asizime injini, twende.

Jumapili, 9 Machi

Kanisa. Mhubiri alizungumza na sikusikia. Mbele yangu mtu alikuwa anatoa nta ya sikio na ufunguo, anaangalia, anapanguza kwa benchi.

Nimesema kwa roho labda hiyo fensi ni ya muda tu.

Jumanne, 11 Machi

Si ya muda.

Nimekuta broka mwenyewe pale, anaitwa Denno. Kijana wa viatu vyeupe katikati ya vumbi, anatema mate kila neno tatu. Ameuzia mtu wa Nairobi ploti ya mwisho. Nikamuuliza nani amemwonyesha mpaka. Akapiga jiwe yangu na kiatu. "Mzae, jiwe ndio imeongea. Iko na namba. Unataka ibebe kitambulisho pia?" Vijana wake wa nguzo wakacheka.

Akaegemea mguu hapo juu akawasha sigara. Kwa kazi ya mkono yangu. Akaizima hapo hapo.

Mpaka ya kweli ni kisiki ya mgunga, huko nyuma kabisa. Kila mtu alijua, Denno pia. Hiyo nafasi katikati ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kwa silanga, lile bwawa wanakunywesha. Ndio nilipanda jiwe hapo, niliona ni wazi, haina mtu.

Iko na mtu. Mama Leshan, mjane, boma yake iko ng'ambo. Nilimkuta amesimama upande wa pili wa waya na ng'ombe zake, wameshikilia pua kwa waya wakinusa maji. Nimemsalimia "takwenya", salamu ya Kimaasai, akaitikia "iko" bila kunigeukia. Akasema mzee wake alimwonyesha kisiki kabla ya kufa. Akasema lakini sasa kuna jiwe ya serikali, na yeye hajui vile mtu anabishana na jiwe. Sasa anazungusha wanyama kwa barabara ya Namanga.

Ningesema hapo hapo. Denno alikuwa karibu, vijana wake karibu, kufika jioni ingekuwa kwa simu za watu wote. Doktari angekuja kesho yake kuchukua kopo yangu kama mtu anaokota yai.

Nikamwambia pole. Nikapanda boda.

Huyo Denno ni uchafu. Sijaona uchafu kama hiyo ikivaa viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Doktari ameandika kwamba Jumamosi anakuja na kikundi yote ya Ngong, na wasipopata ataomba kopo yangu ifutwe kwa mtandao. Nimecheka peke yangu. Waje. Wakishindwa wote pamoja itakuwa habari mpaka Nairobi.

Mchana kijana wa boda amesimama kwa geti. Ndama ya Mama Leshan imegongwa na lori ya simiti hapo kwa barabara. Miguu ya mbele yote. Wameichinja kando ya lami. Dereva alisimama, akaangalia taa yake kama imepasuka, akaenda.

Mama Nekesa alisikia yote. Akaweka sufuria chini. Akasema, "Na wewe uko hapa unalinda chupa ya dawa." Ameingia ndani, chai hakuna.

Nimechukia kila kitu leo. Lori, Denno, hiyo kikundi ya Ngong na kofia zao. Jioni nimenyoa bila kioo.

Ijumaa, 14 Machi

Naibu wa chifu aliita watu pale kwa fensi. Shemeji za Mama Leshan walikuja na rungu na hasira ya ndama. Denno alikuja na karatasi kwa bahasha na jamaa wawili wa shingo nene. Naibu alisoma namba ya jiwe, akalinganisha na karatasi, haifanani na kitu. Denno akasema hiyo ni namba ya kitambo. Anadanganya bila hata kumeza mate. Hiyo namba nilichora mwaka jana, na rangi ilibaki nikapaka mlango wa choo yangu.

Naibu akasema tungoje mpima wa mashamba aje, fensi ikae hivyo. Mama Leshan akauliza ng'ombe zitakunywa nini zikimngoja mpima. Mmoja wa shemeji akaanza kukunja shuka kwa mkono.

Nilikuwa nimebeba mtaimbo. Nimetoka nayo nyumbani, sijui nilisema nafanyia nini.

Nikapita katikati yao nikaingiza mtaimbo chini ya jiwe. Wakapiga kelele wote, hata Mama Leshan. Naibu akasema, "Mzee, hiyo ni jela." Denno akasema nishikwe. Hao wa shingo nene hawakusogea, ni watu wa kuvimba tu. Nikaibinua mara moja ikalala. Nikiwa na huu umri. Nikagonga kizibo, kikatoka. Nikavuta chupa.

Nikampa naibu.

Naibu alifungua akamwaga kwa mkono. Kalamu. Gololi. Beji ya polisi ya kitoto. Karatasi. Akasoma kwa sauti: Hongera umepata. Andika jina na urudishe. Mimi Nyundo. Akaigeuza akaangalia nyuma. Akauliza Nyundo ni nani. Nikasema unaangalia yeye.

Nikaeleza. Kueleza mbele ya watu ni kitu chafu. Jua inakupiga kwa kichwa, na kila neno unatoa inasikika ya ujinga, hata yenye ni ya akili. Niliwaambia pia ile kazi ya jiwe si rahisi. Hakuna alitaka hiyo.

Denno alisema mimi ni mwendawazimu. Naibu akamwambia ang'oe waya leo mpaka kwa kisiki. Halafu akanigeukia. "Na wewe nikushike kwa kosa gani? Hata sijui niandike nini." Akasema atafikiria.

Mama Leshan alikuja akasimama mbele yangu kabisa. Akasema, "Mzee, umenitembeza kwa lami kwa sababu ya chupa."

Nikasema Denno ndio aliweka waya.

Akangoja.

Nikasema ndio.

Aliangalia ile karatasi naibu ameshika. Akauliza hayo majina inaandikwa ni ya nini. Nikamwambia ni ya mtu amepata. Wa kwanza ndio mkubwa, anaandika juu. Akauliza nani wa kwanza hapa. Hakukuwa na mtu. Pale jiwe ililala udongo ilikuwa bado na unyevu, nyeusi. Akaingiza kidole gumba hapo, akapiga juu ya karatasi. Akajipanguza kwa shati yangu. Akaondoa ng'ombe.

Jumatatu, 17 Machi

Nilibeba jiwe na mkokoteni Ijumaa hiyo hiyo mpaka kwa pikap ya mtu. Nimelipa. Dereva alilalamika njia yote juu ya springi zake.

Kwa hivyo Jumamosi kikundi ya Ngong walifika wakapata shimo. Doktari ameandika, na picha ya shimo ameweka: "Nilisema imeibiwa."

Nilianza kumjibu. Herufi za simu ni ndogo, kidole yangu inashika mbili mbili. Niliandika nusu nikasoma. Ilikuwa ya kuelezea vile nilimshinda. Nimefuta.

Msichana wetu Nekesa amenisaidia kufunga hiyo kopo kwa mtandao. Akauliza sababu tuandike nini. Nikamwambia acha wazi.

Naibu hajaita.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza. Barabara yetu imekuwa matope ya kunyonya viatu, na majirani wote wanaleta hapa kwangu. Jiwe iko kwa mlango. Mama Nekesa anakwangulia gambuti hapo. Amesema ni jiwe nzuri, imekatwa sawa. Huyo hajawahi sifu jiwe yangu hata moja.

Leo sikutoka kutafuta. Kopo ya chini ya daraja najua imejaa maji.

Kijana wa boda ameleta kibuyu kutoka kwa Mama Leshan. Maziwa lala. Nimemuuliza amesema nini. Alisema tu kibuyu irudi.

Kwa simu imeandikwa kopo ya Nyundo haikuwahi patikana. Karatasi niko nayo hapa ndani ya Biblia, na kidole moja nyeusi juu.

Maziwa inanuka moshi na mkojo kidogo. Nimemaliza yote. Nimeosha kibuyu mimi mwenyewe.