Mifuko Myeusi Mia Sita

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Unakula vizuri? Kikohozi kimekuachia? Huku tuko salama, ila goti linanisumbua nikikanyaga cherehani.

Oda yako imetuchangamsha. Mifuko myeusi mia sita ya kuwekea viatu vya askari wa huko, si mchezo. Tuko wanawake watano na vyerehani havipoi. Shangazi yako anasema kama huko hata viatu vinavaa nguo, basi raia wanavaa hariri. Nimeongeza jambo bila kuombwa: kila mfuko nimeuwekea kitako bapa, kiatu kisimame. Nimetanguliza kumi waione. Waambie ni mama yako aliyebuni.

Mama yako

21 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Pole na goti.

Bwana wa stoo ya wizara ameirudisha mifuko. Kitako hakitaki, pawe mviringo. Mshono wa ndani ugeuzwe nje, unakwaruza. Kitambaa kiwe chepesi kidogo, hewa ipite. Kamba ya kukazia mdomo ibaki. Mimi ni wakala tu, mama, napokea oda na kuipeleka. Shoneni walivyosema, usiulize mengi.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mimi chakula hakipiti.

Kiatu hakikwaruzwi na mshono, wala hakihitaji hewa. Jana shangazi yako aliuvaa mmoja kichwani kwa mzaha, nami nikamvutia kamba. Tukacheka. Kisha mikono yake ikawa inapapasa meza kama ya mfungwa, nami nikamvua upesi.

Ulijua? Niambie, sitakugombeza. Tumeshashona upya mia tatu na arobaini, nimeifungia kabatini. Hatushoni tena. Acha kazi hiyo urudi, tutakula kitakachopatikana.

Mama yako

4 Juni

Mama, shikamoo. Natumai goti lina nafuu.

Nisamehe kwa kimya. Nilijua tangu walipokikataa kitako. Ulipoandika, niliwaambia oda imevunjika. Bwana wa stoo hakukasirika. Alinimiminia chai, akaomba pasipoti yangu aitazame, akaiweka kwenye droo yake. Mzigo ukifika, ataitoa. Kila Jumatatu ananiita na kuniuliza umefika wapi, kwa upole tu.

Sikuombi ushone. Nakueleza nilipo.

Mwanao

22 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi nipo.

Mzigo umeondoka asubuhi, wote mia sita. Wenzangu walikataa kurudi mezani na siwalaumu. Shangazi yako hanisalimii. Iliyobaki nimeshona peke yangu. Kila mmoja niliuvaa, nikakaza kamba, nikahesabu hadi mia. Ulionibana pumzi niliufumua nikaushona tena.

Wapo kina mama wenzangu huko, na watoto wao ndio watakaovikwa kazi yangu. Nimewaza sana juu yao. Nimechagua wangu, na sitafuti mtu wa kuniambia nilifanya sawa.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Mama yako