Mtoto wa Mama wa Ngazi Hakurudi

Durban, siku ya Mungu, mchana

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimu sana, Lolo wangu uliyenizaa. Goti linaendeleaje? Binti yako mkubwa, Yaya Odette, aliniambia umerudi kuuza unga sokoni, na kwamba mvua imeanza kunyesha vizuri Kamina. Unakula lakini? Usinijibu "nakula" kama unavyowajibu watu wote. Mimi niko mzima. Mikono tu ina vidonda vya sindano, kazi ya kushonea makochi vitambaa njo inataka vile.

Najua utashangaa: huyu mtoto, simu iko, anaandika barua ya nini? Mama, kwa simu sitaweza. Nikisikia tu umeanza kucheka, mdomo wangu unaanza kudanganya wenyewe. Kwa hiyo chukua miwani, kaa penye mwanga, usome polepole kama unavyosoma kitabu cha sala. Usimpe Yaya akusomee. Hii ni ya wewe na mimi.

Juma lililopita, wakati wa kula, tulibishana kazini. Pale tuko mchanganyiko: Wamalawi, Wazambia, na mimi Mkongomani peke yangu. Mteja alikuwa ameleta kochi refu la maua, mmoja akasema, "Hili ni kochi la ile michezo ya zamani ya televizyo, ile ya kuchekesha, ya familia za Wamarekani weusi." Ee, basi! Chakula kikapoa. Kila mtu na familia yake. Chikondi, fundi wa mbao kutoka Malawi, akasema hakuna aliyechekesha kama yule Kinyozi mwenye tumbo, yule wa kuanguka na kiti chake. Nikamwambia, aah, wewe unaongea kama Mama Zaina, jirani yetu. Nikamtetea Mama wa Ngazi wako kwa maneno yako yote. Kwamba Kinyozi anatoka jasho ili ucheke, lakini yule mama anashuka ngazi taratibu, anainua nyusi moja tu, na nyumba nzima inajua imekosa. Kwamba kupiga kelele hata mlevi anaweza, ila kunyamaza na watu wakacheka, ile inataka fundi. Nilishinda, Mama. Walinipigia makofi.

Kwa ile furaha nikajisahau, nikaongeza, "Na ile siku mtoto wake mkubwa anarudi kutoka mbali, mliiona?"

Chikondi akaacha kutafuna. "Anarudi? Ndugu yangu, mchezo ule nimeuona wote, mpaka mwisho. Yule mtoto hakurudi. Hiyo umeitoa wapi?"

Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Mama, niliitoa kichwani mwangu.

Unakumbuka tulivyoanza. Wewe na Mama Zaina kwenye mkeka, televizyo inaongea Kifaransa, mimi katikati yenu nageuza kwa Kiswahili, na wewe, hutaki kuachwa nyuma na kicheko, unanipiga bega: "Anasema nini? Sema mbio, banacheka bila shiye!" Radi ilipoiua televizyo, mimi nilikuwa nimeshafika huku. Basi kila siku ya Mungu, nikikupigia baada ya misa, unaniuliza, "Mama wa Ngazi amefanya nini?" Mwanzoni nilikuwa natazama kweli, kwenye simu ya rafiki, nakusimulia. Halafu mchezo ukaisha. Sikuwa na moyo wa kukuambia kwamba umeisha, nikaendelea kwa kutunga.

Na humo humo nikaanza kupitisha mambo yangu, kwa sababu mimi na wewe hatujui kuambiana uso kwa uso. Nilipougua, nilikuambia mtoto wa Mama wa Ngazi ana homa. Ukasema, "Bamupikie uji, batie ndimu," nami nikaenda kutafuta ndimu. Nilipofukuzwa chumbani, yeye alifukuzwa. Nilipopata hii kazi ya makochi, yeye alipata kazi, na ulipiga vigelegele mpaka Yaya akatoka jikoni mbio. Hukuniuliza hata mara moja kama ni mimi. Ulijua.

Sasa ile siku. Nilikuwa nimechoka, baridi inapiga, sikuwa na cha kutunga, nikasema tu: mtoto amerudi. Hakutoa habari. Amemkuta mama yake anachagua maharage, na mama hakulia, aliinua nyusi, akamwambia, "Umekonda. Ingia ukule." Halafu ukacheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba afariki. Nami, mjinga, nikalala na furaha kwamba nimekuchekesha.

Yaya njo alinipigia kuniambia. Umekisiliba chumba changu upya kwa udongo mweupe. Vifaranga waliokuwa wanalala mule umewatoa nje. Umemwambia Mama Zaina, "Banza anakuya. Amenambia mu muchezo, weye haujue namna yetu." Naye akakujibu, "Muntu akikuya anasema siku. Ule mutoto anakuchezea tu." Na mpaka leo hamsalimiani, ninyi mliokula sahani moja tangu mimi sijaota meno.

Mama, siji. Karatasi zangu za kukaa hapa hazijatoka. Nikivuka mpaka sasa, huku sitaingia tena, na kazi itakuwa imekwenda. Wewe hukukosea. Ulinisikia vile ulivyozoea kunisikia. Mimi njo nimekosa. Leo hata misa sikwenda kwa aibu, nimekaa chumbani na kalamu hii. Umebeba udongo na lile goti bovu kwa ajili ya neno nililolitupa kwa uchovu.

Lakini haukuwa uchovu tu, na hili nimelijua sasa hivi ninapoandika. Yule mama aliyesema "Umekonda, ingia ukule" hakuwa Mama wa Ngazi. Mama wa Ngazi hachagui maharage.

Nenda kwa Mama Zaina, tafadhali, hata kabla hujaikunja barua. Mwambie kuhusu mimi alisema kweli. Kuhusu Kinyozi bado anajidanganya. Nisalimie Yaya Odette, na shemeji yangu fundi wa baiskeli, asikucheke. Mjomba katekista aniombee, anajua kuombea watu waongo. Siku ya Mungu nikipiga simu, usiniulize habari za Mama wa Ngazi. Niulize niko namna gani. Nitakuambia kwa jina langu mwenyewe, hata kama itakuwa siko vizuri.

Vifaranga uwarudishe chumbani, Mama, mvua itawaua. Lakini kitanda, kama umeshakitandika, usikitandue.

Mimi mwana wako,
Banza