Odhiambo, Ule Mpango wa Namba Ulikuwa Wako

Odhiambo, ndugu yangu,

Naandika nimelala, kwa hivyo utauvumilia mwandiko wangu. Daktari wa moyo ameacha kunipangia siku ya kurudi. Siku hizi ananiambia tu nipumzike, nami nimemwelewa. Nakuandikia kitandani hapa Kawangware, kabla sijakufuata, maana kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai nikaogopa.

Mitambo yetu mitatu ya intaneti bado inarusha mawimbi mtaani kwenu: ule wa Kianda juu ya shule, wa Kambi Muru, na wa Laini Saba kando ya reli. Binti yako Atieno ndiye anayeitunza. Anapanda paa kama wewe, amevua viatu. Watoto wanafuata masomo kwenye simu bila kukatika. Watu wanauita mtandao wa Dakta Musyoka, na kila nikisikia hivyo natazama chini.

Unakumbuka tulivyoanza vibaya. Kati ya Kianda na Kambi Muru mawimbi ya mitambo yaligongana, simu zikawa zinazungusha kiduara tu. Mimi na shahada zangu nikasema mitambo ishirikiane, itume kwa mpango mmoja. Na ili ipange, kila simu iripoti inavyousikia kila mtambo: nguvu, kuchelewa, kila kitu, tena na tena. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa sahihi. Tulipowasha, ripoti zikajaa hewani hadi masomo yenyewe yakakosa nafasi. Ulicheka mpaka ukashikilia ngazi.

"Omera, ndugu yangu, hizi simu zako ni mdomo tu. Kazi zitafanya saa ngapi?"

Jumamosi hiyo ukanipeleka kwenye mazoezi ya kwaya yako. Kanisa la mabati, sauti zinarudi kutoka kila ukuta. Hukutaka mwimbaji yeyote akueleze yote aliyosikia. Ulikuwa umewazoeza kuinua vidole: kimoja, besi imezidi; viwili, soprano haisikiki; vitatu, tumeachana mwendo. "Asiye na shida asinisumbue," uliwaambia. Kisha ukanigeukia: "Si tuzifunze simu hivi hivi?"

Wiki mbili tulijifungia kwenye kibanda chako cha redio. Tukachagua mipangilio minane tu ya mitambo kutuma pamoja, kila mmoja ukapewa namba. Simu irudishe namba ya mpangilio inaousikia vizuri zaidi, basi. Hali isipobadilika, inyamaze. Mimi niliandika hesabu. Wazo lilikuwa lako. Hata ile minane uliichagua wewe, kwa sababu ulijua kila paa linazuia nini.

Halafu wakaja wageni kuuona mtandao ukifanya kazi. Ukumbi wa shule ulijaa, mimi mbele na kipaza sauti, wewe mlangoni na waya begani. Mgeni mmoja akauliza, "Na yule mzee?" Nikajibu, "Huyo ni wa kunipandia paa." Watu wakacheka. Wewe ukainua mkono, ukawasalimia.

Nimejaribu miaka hii yote kujiambia kwamba ulikuwa mzaha. Haukuwa mzaha. Niliona aibu kusema kwamba tatizo lililonishinda mimi limetatuliwa na fundi wa redio. Nilipoandika makala ya utafiti kuhusu mpango huo, nikaweka jina langu peke yake. Wewe hukuuliza. Ila tangu siku ile hukuniita tena omera. Ukawa unaniita Daktari, kwa heshima, kama mtu anayemhudumia mteja. Nilisikia tofauti hiyo kila siku, nikajifanya sisikii.

Ulipokufa sikuja kukuzika kwenu kando ya ziwa. Nilisingizia miguu. Miguu ilikuwa mizima, Odhiambo. Nilichoogopa ni kuombwa niseme neno kaburini.

Atieno huniletea uji kila Jumanne. Juzi, akipoza kikombe, aliniambia, "Baba alikuwa anatuambia wewe ndiye ulimfundisha hayo yote." Kumbe ulinisitiri hata kwa wanao! Nikamweleza yote, kwaya, ile minane, ukumbi. Akaweka kikombe chini. Sikuthubutu kumtazama. Akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi, mzee? Si ukasemee palepale ulipomkana." Akafunika uji, akaondoka bila kuaga.

Ana haki. Nimemtumia ujumbe kumwomba anitafutie ukumbi ule Jumapili, kwaya ikishatoka kanisani, na awaite wazazi wa wanafunzi. Alijibu neno moja: "Sawa." Daktari wa moyo amenikataza ngazi na msongamano. Nitakwenda. Makala nayo nimeiandikia masahihisho, jina lako likiwa la kwanza, na nimeyatuma kwa wahariri leo asubuhi. Nakala yenye sahihi yangu iko kwenye bahasha iliyoandikwa jina la Atieno, iwapo moyo utanisaliti kabla ya Jumapili.

Sikuombi msamaha. Huo nilipaswa kuuomba ukiwa na uwezo wa kuninyima.

Pumzika, Odhiambo. Jumapili nitasimama mbele yao, hata ikibidi nishikwe kwapani huku na huku, nitaje jina lako kamili na kazi uliyoifanya. Wakinicheka, wacha wacheke. Sitaongeza neno la kujitetea.

Ni mimi,
Musyoka