Neno Nililoliruka Kwenye Barua ya Fundi

Mume wangu, Baba Limi,

Mwadila, baba. Nakusalimu salamu ya mchana kwa sababu ni mchana kweli, bati linalia kwa joto, na mimi nimejifungia chumbani na daftari la shule la mjukuu wako. Naogopa. Cheka ukitaka: mwanamke mzima anaogopa kumwandikia mtu aliyekwisha kufa. Lakini unanijua, mimi ni mwoga tangu siku uliyonitoa kwetu, na leo sina tena pa kujificha.

Niseme lenyewe kabla sijabadili nia. Ile barua ya Fundi Elikana, iliyotuelekeza tuweke nini kwenye kasha la injini ya boti yako, sikukusomea yote. Niliruka neno moja. Umekufa ukiamini kwamba Elikana nusura atuue. Siye. Ni mimi.

Unakumbuka ulivyotuletea habari ya boti? Ni wakati ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Mwamapalala na malori yao na mizani yao. Sisi tulizoea ushirika: unapeleka pamba, unapewa karatasi, unasubiri mpaka watoto wanasahau walichoahidiwa. Mara watu wanaigombania pamba yetu, wanalipa papo hapo, mmoja hata alikuja na kreti ya soda. "Mama Limi, sasa ni ruksa," ukasema, "kila mtu afanye biashara yake." Ukauza pamba ya msimu ule, ukauza na ng'ombe, ukarudi ukisema umenunua boti Lamadi, kule ziwani. Boti! Msukuma wa Mwamapalala, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya lambo la kunyweshea mifugo! Nililia siku ile, ukadhani nawalilia ng'ombe. Nilikuwa nakulilia wewe, maana hujui kuogelea.

Injini yenyewe ilikuwa ya dizeli, kuukuu, imefungwa katikati ya boti ndani ya kasha la mbao, na kelele yake ilifika mwaloni, pale boti zinapotia nanga, kabla boti haijaonekana. Ulikuwa ukirudi nyumbani baada ya wiki mbili, nakuita, "Baba Limi, chakula," huitiki. Naita tena, kimya. Nikafikiri umenichoka, au kuna mwanamke huko kwenye samaki. Kumbe ni masikio. Siku Limi alipoanguka nyuma yako, hatua tatu tu, akalia mpaka majirani wakatoka, wewe ukaendelea kunoa panga. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Nikawaza, huyu akipigiwa kelele na boti nyingine kule ziwani, atasikia nini? Kwa hiyo ni mimi niliyeanza. Ni mimi niliyesema kasha lile litafutiwe kitu cha kuzuia kelele, la sivyo boti iuzwe.

Tulihangaika, eti? Tukajaribu magunia ya katani, yakalowa dizeli. Tukachana godoro la Limi, sponji ikayeyuka upande wa bomba la moshi na mtoto akalalia mkeka. Kaka yako Ng'wandu akaleta wazo la ngozi ya ng'ombe. Hiyo hata siisemi. Wewe mwenyewe ulisimulia abiria walivyokuwa wanagombania kukaa mbele kabisa, mbali na injini, wameziba pua. Tulicheka siku hiyo, na mimi nikacheka, lakini wewe ulicheka ukiwa umechelewa, baada ya kuona midomo yetu.

Ndipo ukamtumia salamu Elikana. Yeye ndiye aliyekufungia ile injini na kukufundisha kuiwasha, na wakati huo alikuwa na kazi Mwanza. Akajibu kwa barua, akampa kondakta wa basi.

Ulikaa kwenye kigoda, Ng'wandu kando yako, mimi nimesimama. Wewe hukupelekwa shule, ulichunga. Mimi nina darasa la saba, na katika kaya ile nzima barua zilisomwa na mimi. Nilipenda hivyo, sikufichi. Nilipenda mlivyokuwa mnanyamaza nikikunjua karatasi. Nikasoma salamu, nikasoma habari za watoto wake, nikafika pale: "Weka pamba ya kioo pande zote za kasha, unene wa inchi mbili, uishike kwa wavu wa waya."

Pamba ya kioo. Nikakwama. Kioo nikijuacho ni cha kujitazamia. Pamba niijuayo ni ile iliyojaa ghalani mpaka panya wanazaa humo. Pamba ya kioo ndiyo nini? Au fundi kalewa? Mkawa mnaniangalia. Nikaona nikisema sielewi, Ng'wandu atacheka, atasema kumbe shule yenyewe ndiyo hiyo. Nikasoma, "Weka pamba pande zote za kasha." Nikaendelea na inchi mbili, na wavu, na wasalaam.

"Pamba!" ukapiga paja. "Hee! Tunahangaika mwezi mzima, kumbe dawa tumeilalia wenyewe!" Ulikuwa umeshapanga safari ya Mwanza kwenda kununua vifaa, ukaghairi palepale. Ng'wandu akasema wabeja, akamshukuru Mungu na ushirika. Mimi nikatoa mbegu kwa vidole hivi, nikashona mito ya pamba, tukaipachika ndani ya kasha na kuibana kwa wavu wa banda la kuku. Kila ulipopiga msumari lile neno lilinijia mdomoni. Nikalimeza, maana ulikuwa na furaha sana.

Siku ya kwanza ya kuijaribu ulinibembeleza nipande. Tulikuwa wawili tu na magunia ya mpunga. Nilishikilia ubao mpaka kucha zikauma, lakini Baba Limi, sitasahau uso wako. Injini ilikuwa inanguruma chini kwa chini, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukasema, "Nisemeshe kitu." Nikasema, "Mimi naogopa, turudi." Ukaangua kicheko. "Nimesikia! Mama Limi, nimekusikia!" Ukaniambia niseme tena, nikasema tena naogopa, ukacheka tena. Hatukuwahi kuongea vile tangu boti inunuliwe.

Kisha nikasikia harufu. Wewe na mimi tunaijua harufu ile, ni ya shambani baada ya mavuno tunapochoma miti ya pamba. Nikadhani inatoka nchi kavu. Lakini upepo ulikuwa unatoka upande mwingine, na nchi kavu ilikuwa mbali, imebaki mstari tu. Nikagusa kasha. Lilikuwa la moto kama chungu. Pamba ilikuwa imenyonya dizeli iliyokuwa ikidondoka, ikalalia bomba, ikawa inaungua polepole bila ndimi. Ulipofungua kifuniko hewa ikaingia, na moto ukasimama mbele ya uso wako.

Sikukusaidia. Hilo nalo nalisema. Nilijikunyata mbele kabisa nikapiga kelele, wewe ukang'oa mito ile kwa mikono mitupu, mmoja baada ya mwingine, ukaitupa majini. Ilielea inafuka moshi. Mito niliyoishona mimi. Boti ya dagaa ikatuona, ikaja kutuvuta, na mpaka tunafika Lamadi ulikuwa unaniuliza kama sijaungua. Sikuwa nimeungua hata unywele. Mkono wako wa kushoto haukufunga ngumi tena mpaka unakufa.

Siku ileile, wakati wanakufunga bandeji, nilirudi nyumbani kuchukua nguo zako. Barua ilikuwa kwenye sanduku. Niliisoma mara moja tu, nikaisukumia motoni, chini ya chungu kilichokuwa jikoni.

Elikana aliporudi mlikutana mwaloni, mbele ya wachuuzi na wavuvi. Ukamnyooshea mikono yenye bandeji. "Uliandika pamba!" Akasema, "Niliandika pamba ya kioo, Masanja. Inauzwa, haishiki moto. Ileteni barua tuisome." Ukanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Iliungua ndani ya boti." Nimeuona moto, nimeyaona maji, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati wa kusema maneno yale manne. Ukaniamini bila kufikiri. Tangu siku hiyo watu wakamwita Fundi Pamba. Kazi zikaisha, akahama na familia. Mlipokutana mnadani Bariadi uligeuza baiskeli, na mimi nikiwa nyuma yako nimekaa nikatazama chini. Ungeniuliza hata mara moja ningesema, nadhani. Hukuniuliza kamwe.

Sasa sikiliza. Limi naye amenunua boti. Ndiyo, damu yako hiyo. Alivyokuwa anatafuta fundi, wakamwelekeza kwa mzee mmoja Nyalikungu anayetengeneza mashine za kusaga. Limi alikuwa hajui lolote, akamleta hapa nyumbani waongee. Nilimjua kabla hajashuka kwenye pikipiki. Ni Elikana, kichwa kimekuwa cheupe chote. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, kaja kunidai jina lake.

Hakukaa. Alisimama na kofia mkononi. "Shemeji, mwadila. Nimekuja kwa ajili ya binti, lakini kwanza nina neno langu. Masanja ametangulia sijamwomba radhi. Mwanzoni nilikuwa na hakika kwamba niliandika kioo. Miaka ilivyokwenda, hakika ikaniisha. Niliandika haraka, basi lilikuwa linapiga honi. Huenda nilisahau. Mpaka leo nikikaza nati narudi kuitazama mara tatu. Kama nilisahau lile neno, shemeji, nisamehe wewe, maana yeye simpati tena."

Limi alikuwa mlangoni na sinia ya maji. Baba Limi, ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote. Ningesema tumekusamehe, mzee angekunywa maji, angefunga injini ya mtoto, na mimi ningekufa na heshima yangu. Nilishafungua mdomo kusema hivyo. Kisha nikamwona anaukagua ukingo wa ile kofia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Uliandika," nikasema. "Nililiruka mimi. Na barua niliichoma mimi."

Akauliza, "Niliandika?"

"Uliandika. Pamba ya kioo, pande zote za kasha, inchi mbili."

Akakaa chini palepale kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa kofia. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Alipoitoa akasema, "Masanja alijua?" Nikasema hakujua. Akasema, "Basi mimi umeshaniambia. Mwambie na yeye." Akanyanyuka, akamuuliza Limi vipimo vya kasha.

Ameshaifunga. Pamba ya kioo nimeiona kwa macho yangu, ya manjano, nyepesi, ukiigusa inawasha mkono. Nimeishika makusudi ikaniwasha siku mbili. Limi hajaniambia neno tangu siku ile. Anaweka chakula mbele yangu, anaondoka. Naogopa atakwenda ziwani akiwa bado amenuna. Naogopa na ziwa lenyewe. Usiku naogopa utakavyonipokea, kama utageuza baiskeli.

Uongo wangu sikuusema chumbani, niliusema mwaloni, kwa hiyo barua hii si ya kubaki chumbani. Asubuhi ya leo nilimfuata Limi uani, nikamwambia Jumamosi anapoishusha boti majini aichukue barua hii aisome pale, mbele ya watu na mbele ya Fundi Elikana, kwa sababu mimi siwezi. Hakuinua kichwa, alikuwa anafua. Kisha akasema neno lake la kwanza kwangu kwa siku tano.

"Utasoma mwenyewe, mama."

Lala salama, baba. Jumamosi nitapanda pikipiki mpaka Lamadi, nisimame pale pale.

Mkeo,
Mama Limi